Buti ya Safari Fupi

Mtu anayekwenda Morogoro kwa pikipiki hujiandaa. Hupima upepo wa matairi, hukaza mnyororo, huvaa koti zito hata jua likiwa la kuchoma, na kama ana buti huzitoa uvunguni akazifunga kamba mpaka juu. Kesho yake mtu huyohuyo akitaka mkate wa chai, au akimwahisha mtoto shule mtaa wa tatu, hupiga kiki na kandambili miguuni. Hakuna anayemshangaa. Sote tunapima hatari kwa umbali: mbali ni barabarani, karibu ni nyumbani, na nyumbani mtu havai buti.

Ndiyo maana nikiulizwa na mtu anayetaka buti za pikipiki za kutumia mjini, simuulizi kwanza ana fedha kiasi gani. Namuuliza safari yake fupi kuliko zote ni ipi. Buti itakayokubali kuvaliwa kwa safari hiyo ndiyo buti yake. Nyingine zote, hata zikiwa na plastiki ngumu kila upande, zitamlinda siku chache za mwaka na kumwacha peke yake siku zilizobaki.

Jambo hili lina ushahidi wa zamani. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti iliyobadilisha namna ajali ya pikipiki inavyoeleweka. Walikuwa wamekwenda wenyewe kwenye ajali 900 za eneo la Los Angeles, wakapima alama za matairi na kuhoji waliopona, kisha wakasoma ripoti nyingine 3,600 za polisi. Walikuta kwamba ajali nyingi hutokea katika safari fupi, ya dukani au ya kumtembelea rafiki, tena muda mfupi tu baada ya mtu kuondoka, karibu na pale safari ilipoanzia. Mwendo wa kati wakati wa kugonga ulikuwa maili 21.5 kwa saa, yaani kama kilomita 35. Huo ni mwendo wa barabara ya Shekilango, Dar es Salaam, jioni. Dereva wa bodaboda anayepenya kati ya daladala mbili anakwenda hivyo, na moyoni anaamini anakwenda polepole.

Los Angeles ya miaka ile si Dar es Salaam ya leo, lakini mwili wa binadamu ni uleule. Uchunguzi mkubwa wa Ulaya unaojulikana kwa jina la MAIDS, uliochambua ajali 921 katika nchi tano, ulikuta kwamba asilimia 31.8 ya majeraha yote ya waendeshaji yalikuwa ya miguu. Ya kichwa yalikuwa asilimia 18.4. Kichwa ndicho kinachoua, kwa hiyo ni haki kofia ngumu itangulie. Kampeni za usalama barabarani zimeizungumzia kofia kwa miaka mingi, askari huitazama kwanza, na abiria wengine siku hizi huidai wenyewe. Mguu haukupata mtetezi wa namna hiyo. Umeachiwa kandambili, yeboyebo, raba iliyoliwa soli, na kwa wachache wenye bahati, kiatu cha ofisini.

Jipapase ugoko sasa hivi, upande wa ndani. Kidole kinakutana na mfupa papo hapo; pale hapana nyama, ni ngozi tu. Paja likivunjika, mfupa mara nyingi hubaki umezungukwa na misuli minene. Muundi, yaani mfupa huo wa ugoko, ukivunjika, ncha yake hutoboa ngozi kwa urahisi, vumbi na mafuta ya barabarani huingia, na kuanzia hapo daktari ana vita viwili kwa pamoja, vya kuunga mfupa na vya kuzuia usaha. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ndiko ulikofanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ukilinganisha njia mbili za kutibu muundi uliovunjika hivyo: kupitisha chuma ndani ya mfupa, au kuushikilia kwa fremu ya nje. Wagonjwa wa kufanyia utafiti kama huo hapa kwetu hawakosekani. Shuka chini zaidi ukutane na kifundo, halafu wayo wenyewe wenye mifupa 26, mingi yake midogo, ambayo pikipiki ya zaidi ya kilo mia ikiiangukia kwa ubavu huisaga dhidi ya lami.

Kwa anayekwenda ofisini kwa pikipiki, kuvunjika hivyo ni msiba wa miezi. Kwa dereva wa bodaboda ni zaidi ya hapo. Mguu wake wa kushoto ndio unaobadili gia, wa kulia ndio unaokanyaga breki, na yote miwili huiegemeza pikipiki kijiweni toka alfajiri. Anayevunjika muundi hulala. Pikipiki ya mkataba hailali. Tajiri mwenye nayo humpa kijana mwingine, kwa sababu hesabu anayopelekewa kila siku haisubiri mfupa uunge. Hospitali kadhaa za Afrika Mashariki zina wodi ambazo watu wamezoea kuziita wodi ya bodaboda, na ukipita humo utaona ni miguu, miguu, miguu, imeinuliwa juu ya mito, imefungwa vyuma.

Lazima niseme pia buti haiwezi nini, maana wauzaji hawasemi. Bampa la gari likikubana ugoko dhidi ya injini, hakuna ngozi duniani itakayozuia mfupa usivunjike. Ripoti ile ya 1981 ilikuwa na uadilifu wa kutamka kwamba mavazi mazito, buti, koti na glovu, hufaa kuzuia michubuko na mikato, ambayo ni mingi lakini kwa kawaida si ya kutisha. Watu wengine wakisoma hivyo huona buti haina maana. Mimi naona kinyume chake. Mchubuko wa kifundo unaofika kwenye mfupa, katika mji wa joto na maji machafu ya mvua, kwa mtu asiye na bima ya afya, unaweza kumla mtu kazi yake vilevile.

Halafu kuna uchunguzi wa Australia uliochapishwa mwaka 2011, wa waendeshaji 212 waliopata ajali katika jimbo la mji mkuu, Canberra. Waliovaa buti za pikipiki zenye kinga ya ndani walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuumia wayo na kifundo kuliko waliovaa viatu vya kawaida na raba. Tofauti ilikaribia nusu. Kilichonishika zaidi ni kitu kingine katika matokeo yale: hata buti ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya pikipiki zilihusishwa na nafuu ya kiwango hichohicho. Maana yake ni kwamba hatua kubwa kuliko zote haiko kati ya buti ya kawaida na buti ya bei mbaya. Iko kati ya kandambili na buti yoyote ya ngozi inayofunika kifundo. Hatua hiyo dereva wa Mbagala anaiweza.

Hata hivyo, mwenye nafasi ya kuchagua achague kwa macho. Fungua ulimi wa buti iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki ukatazame ndani. Utakuta kitambaa kidogo kimeshonwa, kina picha ya mtu juu ya pikipiki, herufi CE, na namba EN 13634, kiwango cha Ulaya cha viatu vya waendesha pikipiki. Katika toleo la mwaka 2017 la kiwango hicho, chini ya picha kuna tarakimu nne zimepangwa, kila moja ni 1 au 2. Ya kwanza ni urefu wa buti. Ya pili ni uvumilivu wa kusuguliwa, unaopimwa kwa kuiangusha sampuli ya kiatu juu ya mkanda wa msasa unaokimbia na kuhesabu sekunde mpaka itoboke. Ya tatu ni kukatwa: kisu huangushwa juu yake. Ya nne ndiyo ninayoitazama kwanza, nayo ni ugumu wa buti ikibanwa kwa ubavu, kwa sababu ajali ya kila siku ni pikipiki kukulalia mguu. Mbili nne ni bora. Moja nne bado ni buti iliyopimwa. Pembeni zinaweza kufuata herufi: IPA kuna kinga ya kifundo iliyojaribiwa, IPS kuna ya ugoko, WR haipitishi maji, FO soli inastahimili mafuta.

Kitambaa hicho unaweza kukikuta soko la Karume, kwenye mtumba, ndani ya buti ambayo muuzaji mwenyewe hajui ni ya nini. Baadhi ya hizo ni za kampuni za kaskazini mwa Italia, eneo la Asolo na Montebelluna, ambako mafundi waliokuwa wakishona viatu vya kupanda milima waligeukia pikipiki miaka ya 1960. Soma mwili wake kabla ya kuuliza bei. Ngozi ya juu ya kidole cha mguu wa kushoto ikiwa imelika kidogo, hiyo ni alama ya gia, mwenyewe wa kwanza aliitumia kwa kazi yake. Upande wa nje wa kifundo ukiwa na mkwaruzo mrefu mbichi, buti hiyo imeshaanguka mara moja. Bonyeza pale kwa kidole gumba. Kama kikombe cha ndani kinachokinga kifundo kimepasuka utasikia kinacheza. Iache.

Kuna pia buti za dukani zenye vipande vya plastiki vinavyong'aa, zimechorwa kama za mashindano, hazina kitambaa chochote ndani. Plastiki iliyogundishwa juu ya kitambaa laini hubanduka lami inapoigusa, na mtu aliyenunua kwa ajili ya ile plastiki hubaki na raba. Kama fedha ni hiyohiyo, afadhali buti nyeusi ya ngozi nene isiyo na mbwembwe.

Pasipo namba, mikono inatosha kukuambia mengi. Vaa buti, funga kamba au zipu, kisha umwambie mtu ashike kisigino na kuvuta kwa nguvu. Ikitoka mkononi mwake, na barabarani itatoka, na buti iliyobaki katikati ya barabara haimlindi mtu. Vua, shika kisigino kwa mkono mmoja na ncha kwa mwingine, jaribu kuisokota kama nguo inayokamuliwa. Ikikubali kwa ulaini, mguu ulio ndani utakubali pia. Bana pande mbili za soli pale penye upana, zisikutane. Papasa kifundo ndani na nje, maana watengenezaji wengi hukumbuka upande wa nje na kusahau kwamba upande wa ndani ndio unaogonga injini.

Na soli. Hapa mtumba una mtego ambao watu wengi huudhani ni bahati mbaya. Viatu vingi vya kupandia milima, vizuri sana kwa macho, vina tabaka laini la poliyurethani kati ya ngozi na soli. Tabaka hilo huliwa na unyevu wa hewa polepole, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Kinafika kwetu kinang'aa, unakivaa, na siku ya kwanza ya mvua soli nzima inabaki kwenye matope ikiwa imevunjikavunjika. Kandamiza tabaka hilo kwa ukucha. Likiacha shimo lisilorudi, au ukiona nyufa ndogondogo pembeni, umri wake umekwisha. Soli iliyogundishwa tu, lakini yenye mpira mzima, mpelekee fundi viatu aizungushie uzi. Mtazame anavyoipitisha sindano yake ndefu, anavuta uzi uliopakwa nta kwa mikono miwili, anakaza, anapiga nyundo juu ya mshono, anahamia tundu linalofuata. Kazi hiyo ni ya bei ndogo, na kwangu mimi ni sehemu ya bei ya buti yenyewe.

Wengi hawatafika huko kwanza. Watauliza kuhusu walichonacho. Gambuti ni rahisi, ni ndefu, maji hayapiti, na masika, bonde la Jangwani likijaa maji, nawaelewa wanaoipenda. Lakini mguu unaogelea ndani yake. Jaribio la kisigino huishinda papo hapo, na mpira wake ukigusa bomba la moshi huyeyuka. Buti za sefti za viwandani ni habari nyingine. Kipande cha mbele cha chuma katika buti zilizopimwa kwa kiwango cha EN ISO 20345 hustahimili pigo la juli 200, sawa na uzito wa kilo 20 ulioachiwa kutoka kama mita moja. Vidole viko salama. Kifundo hakikupewa kitu, ila ngozi na sponji. Na ule unene wa mbele hugoma kupita chini ya gia kwenye pikipiki zenye mkono mmoja wa gia. Kwenye Boxer na zinazofanana nayo, zenye gia ya kukanyaga mbele na nyuma, unapandisha na kushusha kwa kukanyaga tu, hivyo tatizo hilo halipo, na kwa sababu hiyo naiona buti ya sefti ya ngozi, ndefu kupita kifundo, kuwa chaguo la heshima kwa bodaboda. Buti za kijeshi siziingizi kwenye hesabu. Sheria yetu hairuhusu raia kuvaa mavazi ya jeshi, na sioni sababu ya mtu kujitafutia maswali njiani kwa ajili ya kiatu.

Mpaka hapa ni mambo ya mguu na lami. Kinachowashinda watu hasa kuvaa buti hakipo barabarani.

Pwani kiatu kinaishia mlangoni. Mgeni havuki kizingiti nacho, hata mwenye nyumba akimsihi apite. Dereva anayeleta mzigo ghorofani, fundi umeme anayezunguka nyumba za watu kwa pikipiki yake, mwalimu wa madrasa, wote huvua na kuvaa viatu mara nyingi kwa siku kuliko wanavyokula. Mwongeze anayeswali. Adhana ya adhuhuri inamkuta Temeke, ya alasiri Buguruni, ya magharibi pengine yuko Magomeni na abiria ameshashuka. Kila mara avue, atawadhe, aswali, avae. Mpe mtu huyo buti ndefu ya kamba yenye matundu mengi kila upande, na baada ya juma moja atakuwa amerudi kwenye kandambili. Huyu hakuudharau mguu wake. Alipanga siku yake kwa utaratibu unaoeleweka, na buti ikakosa nafasi ndani ya utaratibu huo. Wanaowakemea madereva kwa kandambili wangeanzia hapa, wangejua wanashindana na nini.

Kwa hiyo katika mji kama huu zipu si pambo. Ninaitazama kabla ya rangi, kabla ya jina la kampuni. Iwe upande wa ndani wa mguu, kwa sababu upande wa nje ndio unaoburuzwa. Iwe imefunikwa kwa kipande cha ngozi kinachoshikwa na velkro, ili isifunguke njiani. Zilizo bora zina kamba na zipu pamoja: kamba unaikaza mara moja kulingana na mguu wako, kisha kila siku unafungua zipu tu, na buti inabaki na mkazo uleule. Kama huna, fundi anaweza kuchana ngozi ya upande wa ndani akapachika zipu nzito ya chuma, mradi aache kitambaa cha nyuma yake na asiguse kisigino. Na kwa anayeswali kuna nafasi nyingine. Fiqhi inamruhusu mkazi kupangusa juu ya khofu, yaani soksi za ngozi, badala ya kuosha miguu, kwa siku moja na usiku wake, kwa sharti alizivaa akiwa na udhu na zimefunika vifundo. Khofu nyembamba ndani ya buti iliyo pana kidogo ni jambo linalowezekana. Avue buti, abaki na khofu. Masharti yake yana wenyewe wa kuyafafanua, na ingefaa sana mmoja wao aizungumzie miguu ya madereva siku moja ya Ijumaa.

Joto ni kizuizi cha pili, nalo halina dawa kamili. Buti za bei ya juu huja na utando usiopitisha maji lakini unaotoa mvuke wa jasho. Utando huo hufanya kazi vizuri nje kukiwa kukavu kuliko ndani ya kiatu. Dar es Salaam mwezi wa pili, hewa ya nje yenyewe imelowa, mvuke hauna mahali pa kukimbilia. Tena maji ya dimbwi yakiingia kwa juu, utando hauyaachi yatoke. Kwa kazi ya kila siku hapa ningechagua ngozi tupu yenye vitundu vya hewa, iliyopakwa nta, na soksi mbili: moja mguuni, nyingine kwenye begi ya kubadili mchana. Ikilowa, ijaze magazeti, uiweke kivulini penye upepo. Ukiiweka karibu na jiko au kuianika juani moja kwa moja ngozi hukakamaa, hupasuka pale mguu unapokunjika, na nyufa hizo ndizo lami itakazoanzia. Kiwi ya kawaida hung'arisha tu. Ngozi inahitaji mafuta pia.

Kuhusu urefu nimebadilika na miaka. Moyo unataka buti inayofika chini ya goti, kwa sababu ya huo muundi usio na nyama. Lakini buti ndefu ndiyo ya kwanza kurudi uvunguni. Kwa mjini nakubali iliyo juu ya kifundo kwa upana wa kiganja, ngumu kifundoni, ya zipu. Anayekwenda Chalinze kila wiki avae ndefu.

Madereva wengi huniambia wana vyuma vya kukinga injini, vinatosha. Hurt aliviangalia pia. Alikuta kwamba majeraha ya wayo na kifundo yaliyopunguzwa na vyuma hivyo yalifidiwa na ongezeko la majeraha ya paja, goti na ugoko. Vinaokoa injini na tangi, na hilo ni jambo la maana kwa mwenye chombo. Miguu visiachiwe.

Abiria ananiumiza kichwa zaidi kuliko dereva. Mama aliyekaa upande na dera lake, miguu yote miwili inaning'inia upande mmoja, hawezi kuambiwa anunue buti kwa ajili ya dakika kumi. Angalau kiatu kilichofunika vidole, na kisichochomoka. Na bomba la moshi lifunikwe. Kovu lile la mviringo kwenye shavu la mguu wa kulia, ambalo unaliona kwa wasichana wa shule na kwa bibi zao, limesababishwa na kipande cha bati cha kukinga bomba kilichodondoka na mwenye pikipiki hakukirudisha. Fundi wa kuchomelea hukirudisha kwa muda mfupi.

Sielewi kwa nini bado tunasubiri buti hii itoke Ulaya ikiwa imekwisha kuvaliwa. Nchi hii ina ng'ombe na ngozi, na ina historia ya viatu, ya kuumiza na ya kutia moyo. Kiwanda cha viatu cha Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia miaka ya 1970, kikitarajiwa kutoa mamilioni ya jozi kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikuwahi kuukaribia uwezo huo, kikafungwa. Kiliwalenga wanunuzi wa mbali ambao hakikuwajua. Leo Karanga, Moshi, kipo kiwanda cha ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, PSSSF, kinachotengeneza bidhaa za ngozi, buti zikiwemo, na mnunuzi wa buti ya pikipiki amekaa kijiweni nje ya geti lake, kama alivyokaa nje ya kila geti nchini.

Ningewaomba wamshonee yeye. Ngozi ya ng'ombe isiyopungua unene wa buti ya kazi, kikombe kigumu pande zote mbili za kifundo, soli ya mpira iliyoshonwa kwa uzi, yenye meno ya kushika tope na isiyoteleza kwenye mafuta. Chuma chembamba ndani ya soli ili buti isibanike kwa ubavu. Mbele pawe na ngozi ya ziada upande wa gia. Zipu ndani, imefunikwa. Nafasi ya kidole gumba zaidi, maana mguu huvimba kwa joto na kwa kukaa kutwa juu ya pikipiki. Ipelekwe Shirika la Viwango ipimwe kama ya Ulaya inavyopimwa, na tarakimu zake na maana yake zichapwe chini ya ulimi kwa Kiswahili, dereva azisome mwenyewe. Soli ya kubadilisha ipatikane kwa fundi wa mtaani. Bei isipite hesabu ya wiki moja.